Injini ya Mashua ya Oloo

Mimi si mtu wa kubembeleza. Wacha niseme hilo mapema, maana mambo yote ninayotaka kueleza yalianzia hapo. Ukileta gari lako kwangu Kawangware, kituo cha 46, halafu uanze kunieleza linaumwa wapi, nitakuonyesha benchi, ukae, ufunge mdomo, uniachie kazi. Miaka ishirini nimeshika spana. Wateja wangu wamezoea. Mke wangu Nabwire hajazoea, ila amechoka kulalamika.

Oloo alizama siku ya Jumatatu, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tatu. Alikuwa mtunza mashua wa klabu moja iliyokuwa ng'ambo ya bwawa la Nairobi, ukivuka kutoka mtaa wa Silanga. Asubuhi hiyo aliingia majini na kimashua cha makasia akakate magugu yaliyokuwa yameshika boya, kimashua kikapinduka. Akina mama waliokuwa wanamwagilia mboga zao za sukuma Silanga walimwona akitoa mkono mara mbili, halafu basi. Watu walipofika kwa makasia, hapakuwa na kitu isipokuwa kofia yake.

Huyo alikuwa rafiki yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa klabuni wakati injini zao zinasumbua, na Oloo ndiye aliyekuwa akinishikia taa. Siku moja mkanda wa feni ulimkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nilimfunga mimi mwenyewe, kwa kitambaa changu cha mafuta, na njia nzima kwenda kwa daktari nilikuwa namtukana kwa uzembe. Yeye anacheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Jumanne saa mbili asubuhi kaka yake Okeyo akasimama mbele ya gereji yangu. Okeyo ni seremala, karakana yake iko mtaa wa Lindi, karibu na Silanga, na hata siku hiyo alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Murunga," akasema, "kuja na spana zako zote."

Akanieleza. Vijana walikuwa wamejaribu kupiga mbizi, wakashikwa miguu na magugu, wakatoka wakitetemeka. Chini kule ni matope na mizizi, mtu akishaingia hashuki wala hapandi. Kilichobaki ni ile mashua kubwa ya zamani, ile iliyokuwa ikivuta Wazungu wakiteleza majini juu ya mbao. Ilikuwa na injini ya silinda nane katikati, chini ya sanduku la mbao, na propela yake ikizunguka inachimbua maji mpaka chini. Ukiizungusha pale pale kwa nusu saa, matope yatamwachia. Mtu alishatolewa hivyo zamani.

"Basi izungusheni!"

"Inazima. Tumejaribu jana. Dakika saba, inazima."

Halafu akaniambia jambo la pili, sauti ikiwa chini. Nyumbani kwao Ugenya wazee walikuwa wameshakaa. Kwa Wajaluo, mtu aliyepotelea majini haachwi hivi hivi bila kaburi. Wanakata yago, lile tunda refu zito lisiloliwa, wanalizika badala ya maiti, na mambo yanaisha. Wazee walikuwa wamesema: Ijumaa jioni basi linatoka Nairobi. Kama Oloo hayumo, Jumamosi yago linaingia shimoni.

"Wameshalikata," Okeyo akasema. "Mama yetu halali. Anasema ataletewa tunda."

Nilifunga gereji nikaenda.

Kando ya maji nilimkuta Seline, mke wa Oloo, amesimama na leso kiunoni. Hakuwa analia. Watu wazima wote pale walikuwa wanamwangalia kwa pembe ya jicho wakingojea alie. Alinishika mkono akasema, "Fundi, mimi sikuolewa na tunda. Nitolee bwana yangu. Nataka nimwone uso, nimpeleke kwa mama yake amwone uso. Hayo tu."

"Utamwona, Mama Austine," nikamwambia. "Leo leo."

Ndivyo nilivyosema. Leo leo.

Tukaisukuma mashua majini, mimi, Okeyo, na Thuo, karani wa klabu, mzee mpole aliyekuwa na funguo. Seline akaja nyuma yangu, nikiwa nimeinamia injini.

"Fundi, kuna kitu alikuwa anafanya. Kabla ya kuwasha, alikuwa anainama huku nyuma kwa ubavu, anatoa—"

"Mama, tafadhali," nikasema. "Niache nifanye kazi."

"Nilikuwa namwona nikimletea chakula. Anatoa kitu kama—"

"Mama Austine! Wewe unajua injini ama mimi?"

Akarudi akakaa kwenye ngazi za mawe, akaweka mikono mapajani.

Nikawasha. Injini ikashika mara moja, sauti nzuri, nzito. Thuo akashika usukani, Okeyo akasimama mbele na mti mrefu wenye ndoano. Tukafika karibu na boya, tukaanza kuzunguka, maji yakaanza kugeuka rangi, matope yanapanda. Dakika ya sita injini ikaanza kukohoa. Ya saba ikazima kabisa. Nikapiga stata, ikakataa. Nikafungua kifuniko cha tangi kuona kama petroli imeisha. Tangi likasema fsss, likavuta hewa ndani kama mtoto aliyetoka kulia. Petroli ilikuwa nusu. Nikarudisha kifuniko, nikajaribu tena, ikawaka.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Ile fsss ilikuwa jibu lote, limetolewa bure. Lakini Okeyo alikuwa anapiga kelele "Twende, omera, ndugu yangu, twende!", mashua ikaenda dakika saba nyingine, ikazima.

Nikaamua ni uchafu. Nikatoa filta, na kweli ilikuwa na utope wa kahawia. Nikafurahi! Nikaiosha, nikamwaga petroli yote ya zamani, Thuo akaleta mitungi miwili ya petroli mpya. Hayo yote yalichukua siku nzima. Jioni tukaingia majini, dakika saba, kimya. Kimashua kikaja kutuvuta kwa kamba, na wale akina mama wa Silanga wamesimama kwenye mboga zao wanatuangalia tukivutwa.

Jumatano nikasema ni petroli yenyewe, wameichanganya na mafuta taa. Nikamwaga kidogo kiganjani, nikangoja. Ikakauka safi, haikuacha utelezi. Basi nikasema ni kabureta. Nikaifungua yote juu ya gazeti, nikapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka midomo ikawaka, nikapima boya la ndani. Nikaifunga. Nikaiwasha hapo kando ikiwa imefungwa kamba, bila kukimbia, nikahesabu dakika tano, kumi. Inaimba. Nikageuka kumwangalia Seline pale ngazini, nikamwinulia kidole gumba. Mungu anisamehe kile kidole.

Tukaenda. Safari hii ilifika dakika nane.

Okeyo aliutupa ule mti chini. "Murunga, wewe ni fundi wa nini?"

"Wa injini! Wewe ni fundi wa vitanda, nyamaza!"

Tukashikana mashati hapo hapo kwenye mashua, watu wazima wawili, juu ya mtu ambaye alikuwa amelala chini yetu. Thuo ndiye aliyetutenganisha. Alisema kwa upole tu, "Oloo yuko hapa, wazee." Tukaachana.

Alhamisi ilikuwa pampu. Niliitoa, nikaenda nayo mpaka Kawangware, nikaifungua. Ngozi yake ya ndani ilikuwa imechoka kidogo, kwa hiyo nikakata nyingine kutoka pampu ya Peugeot moja iliyokufa. Nilikata kwa wembe, taratibu, kazi safi ambayo ningeweza kumwonyesha mtu yeyote. Nabwire akaja mlangoni akauliza, "Na yule mama aliyepotelewa na bwana, yeye anasemaje?"

"Yule mama hajui pampu."

"Sijauliza kama anajua pampu," akasema, akaenda zake.

Alhamisi jioni. Dakika saba.

Na jioni hiyo hiyo binamu yao akafika kutoka Ugenya, akaketi karakanani kwa Okeyo bila kusema mengi. Okeyo alikuwa ameshaanza jeneza tangu Jumatano. Aliniambia baadaye kwamba hakujua alipime vipi, kwa sababu mtu anapimwa kwa urefu wake na tunda linapimwa kwa urefu wake. Mwishowe alilipima kwa mtu.

Ijumaa nilifika bwawani mapema nikiwa sina kitu. Namaanisha kichwani. Spana zilikuwepo, lakini sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Nilikaa kwenye ngazi, na Seline alikuwa pale pale, leso ile ile. Nilikaa chini yake kwa ngazi mbili.

"Mama Austine," nikasema, "Jumanne ulikuwa unataka kuniambia kitu."

Aliangalia maji.

"Alikuwa anainama ubavuni, nyuma kule," akasema. "Anatoa gunzi. Anatia mfukoni. Ndio anawasha. Akirudi, analirudisha. Kila siku."

"Gunzi?"

"Gunzi la mahindi. Limefungwa kitambaa. Kama tunavyoziba mtungi wa mafuta taa nyumbani."

Nilisimama. Niliingia kwenye mashua, nikalala kifudifudi, nikapitisha mkono nje ya ubavu, chini ya ukingo wa mbao. Vidole vyangu vikagusa tundu, na ndani ya tundu kitu kigumu kilichovikwa nguo. Nikakivuta. Kikatoka, na tangi likasema fsss.

Magari yote niliyozoea, tangi lilipumulia kwenye kifuniko. La mashua hii lilipumulia kwa paipu inayotoka ubavuni. Ukiziba hapo, petroli inatoka, hewa haiingii, na baada ya dakika saba pampu inavuta mahali pasipo na kitu. Mtoto anayenyonya soda kwa mrija akiufinya anajua jambo hilo. Nililala pale na lile gunzi mkononi. Kitambaa chake kilikuwa kipande cha shati la kitenge, samawati.

"Alishona mwenyewe," Seline akasema kutoka ngazini. "Ni shati lake."

"Lakini kwa nini aliziba? Nani alimwambia azibe?"

Sasa ndipo alipolia, kidogo tu, huku anatabasamu, na nisingependa kuona tena mtu akifanya hivyo. "Ni wewe, fundi. Miaka miwili iliyopita. Maji yaliingia kwenye petroli, ukaja, ukapiga kelele, ukasema aanze kuziba kila tundu analoliona, ama usiitwe tena. Akaziba. Halafu akaona injini inakufa, akajua mwenyewe. Akaniambia, 'Fundi alikosea, lakini usimwambie, atanichemkia. Nitakuwa natoa nikiwasha, narudisha nikilaza mashua, mvua isiingie.'"

Nilikumbuka. Sikuwa nimeangalia hata tundu moja siku ile. Nilisema nikiwa nimeshapanda baiskeli.

Okeyo na Thuo walifika. Sikueleza, nilisema tu, "Twende." Injini ikawaka. Dakika saba zikapita, nane, kumi, ishirini, propela inachimbua, maji yamekuwa chai. Karibu na dakika ya thelathini Okeyo akasema "Zima," kwa sauti ndogo, na Oloo alikuwa hapo, karibu na mafunjo, mgongo juu.

Tulimtoa. Nitasema kidogo tu. Siku nne majini, na bwawa lina samaki. Sweta ilikuwa yake. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na kidole kidogo hakikuwa na ncha. Uso haukuwa uso. Okeyo alivua koti lake akafunika kabla hatujafika kando, na Seline alipokuja mbio akiwa ndani ya maji mpaka magotini, akamzuia kwa kifua chake.

"Hapana, shemeji. Mkumbuke vile alikuwa."

"Nitoke mbele," akasema Seline. "Okeyo, nitoke."

"Hapana."

Hapo ndipo aliponigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Fundi, wewe umemwona. Uso wake uko?"

"Hauko, mama."

"Jumanne ungekuwa?"

Ningeweza kudanganya. Thuo alikuwa anaangalia chini, Okeyo amefunga macho. Nikasema, "Jumanne ungekuwa."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akaenda akakaa kwenye ngazi zake.

Polisi wakaja, wakaandika yao, wakaturuhusu. Okeyo akapiga misumari jeneza kabla ya jioni. Nilipanda basi nao. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenifukuza. Nilikaa nyuma kabisa na lile gunzi mfukoni.

Ugenya tulifika asubuhi. Shimo lilikuwa limechimbwa, na kando ya shimo, juu ya jani la mgomba, yago lilikuwa limelazwa. Jeneza likawekwa kivulini. Mama yake Oloo, mzee anayeitwa Amondi, akatoka nyumbani akisaidiwa na wanawake wawili. Akaliangalia jeneza, akaona misumari. Akaangalia yago. Akasema maneno kwa Kijaluo, na watu wote wakainamisha vichwa.

Nikamuuliza Okeyo anasemaje.

"Anasema mmeniletea tunda lingine, mmelifungia kwenye sanduku nisilione. Anasema kama ni mwanangu, mfungue."

Okeyo akaongea naye. Wazee wakaongea naye. Hakusikia. Aligonga lile jeneza kwa kiganja, akasema jina la mtoto wake kama anamuuliza kama yuko ndani. Seline alikuwa amepiga magoti upande wa kichwa, analia kwa sauti sasa, "Uwi, mama, ni yeye, uwi," lakini na yeye alikuwa hajamwona, na Amondi alijua hivyo.

Kwao mazishini watu husimama wakasema. Nilisimama. Nilikuwa Mluhya mgeni mwenye kucha za grisi, watu wakanishangaa.

"Okeyo, mtafsirie mama yako," nikasema. "Naitwa Murunga, fundi. Mimi nilimshika kwa mikono yangu jana. Ni Oloo. Kidole chake kidogo cha kushoto hakina ncha, kilikatwa na mkanda wa injini, nilikifunga mimi."

Okeyo akatafsiri. Mama akasimama wima kidogo. Akauliza, na Okeyo akanigeuzia swali polepole.

"Anauliza, kama ni yeye, kwa nini hakuonyeshwa uso wake."

Nikatoa gunzi mfukoni.

"Mwambie ni kwa sababu yangu. Mashua ilikuwa imezibwa kwa hili gunzi, ikawa inazima, na aliyesema izibwe ni mimi. Jumanne huyu Seline alikuja kuniambia. Mara mbili. Nikamwambia anyamaze, kwa sababu mimi ndiye fundi. Angetoka Jumanne. Mngemwona. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Okeyo hakutafsiri. Aliniangalia, mdomo umefunguka, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa hajui.

"Mwambie, ndugu yangu."

Akamwambia. Ilichukua muda, maana sauti yake ilikatika katikati. Alipomaliza, hakuna aliyenifokea. Amondi alikuja mpaka mbele yangu, akachukua gunzi mkononi mwangu, akageuza kile kitambaa cha samawati, akakipapasa kwa kidole gumba. Akalikunja ndani ya leso yake. Halafu akasema kitu kifupi.

"Anauliza ni mkono upi," Okeyo akasema. "Uko upande gani, humo ndani."

Nikaenda kwenye jeneza. Nikawaza alivyolazwa, nikahakikisha mara mbili, nikamwonyesha ubao.

"Hapa, mama. Wa kushoto uko hapa."

Amondi akazunguka jeneza, akapiga magoti, akaweka kiganja chake pale, akakiacha. Seline akasogea kutoka upande wa kichwa akaweka chake juu ya cha mama. Watu wakangoja. Baadaye mzee mmoja akaja taratibu, akalichukua lile yago kutoka kando ya shimo, akaenda nalo.